Watafiti Tuwaamini, Lakini Tuwaulize

Ndugu msomaji, siku hizi ukitaka kuona watu wazima wakibishana bila kuchoka, taja tu neno "utafiti". Redio ya matatu ikitangaza kwamba "wataalamu wamegundua" jambo fulani kuhusu chai, nyama au usingizi, kabla ya kufika stendi ya pili abiria huwa wamegawanyika pande mbili. Upande wa kwanza husema, "Kama wataalamu wamesema, sisi ni nani tupinge?" Upande wa pili hucheka na kusema, "Wataalamu gani? Jana walisema hili, leo wanasema lile. Hao wanatafuta tu pesa za wafadhili!" Pande hizi mbili huonekana kama paka na panya, lakini kwa maoni yangu ni ndugu wa toka nitoke. Zote zimekwepa kazi moja, nayo ni kuuliza maswali.

Ningependa kuwashawishi wanachama wenzangu wa Klabu ya Kiswahili, pamoja na walimu wetu wapenzi, kwamba utafiti haustahili kuaminiwa kwa sababu ya ukubwa wa jina la aliyeufanya, wala kukataliwa kwa sababu hiyo hiyo. Unastahili kuaminiwa kwa kadiri ulivyokaguliwa na kurudiwa na watu wengine. Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, nami nasema utafiti mmoja haumalizi shauri. Hili si jambo la porojo za matatu tu. Hapa kwetu Kenya limewahi kuwa jambo la kufa na kupona. Ili nisionekane napiga domo bure, nitatoa mifano miwili. Yote inatoka katika taasisi moja, na yote ni ya miaka ya tisini.

Mfano wa kwanza ni dawa iliyoitwa Kemron. Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, ambayo wengi tunaijua kwa jina la KEMRI, iliundwa mwaka 1979. Mwaka 1990 ilijitokeza na vidonge hivyo vya Kemron kwa ajili ya wagonjwa wa UKIMWI. Ndani yake mlikuwa na kiasi kidogo sana cha interferoni, kitu ambacho mwili wenyewe hukitengeneza ili kupambana na virusi. Mgonjwa alitakiwa kukiweka kidonge mdomoni kiyeyuke polepole. Ilisemekana kwamba wagonjwa walipata nafuu, na kwamba wengine walipopimwa damu tena walionekana hawana ugonjwa. Mnamo Julai 1990, Rais Daniel arap Moi mwenyewe aliizindua dawa hiyo hadharani.

Hebu fikiria hali ilivyokuwa. Wakati huo kuambiwa una UKIMWI kulikuwa sawa na kuhukumiwa kifo. Dawa iliyokuwapo, AZT, ilikuwa ghali na haikuponya. Halafu pakasikika kwamba tiba imepatikana Nairobi, si London wala New York! Ni Mwafrika gani ambaye hangejivunia? Wagonjwa wengine walifunga safari kutoka ng'ambo kuja kuitafuta. Katika shangwe kama hiyo, aliyeuliza swali alikuwa kama mtu anayelia arusini.

Hata hivyo, swali lilihitajika, tena ni swali ambalo hata mtoto wa shule ya msingi anaweza kuliuliza: "Mmewalinganisha na nani?" Mgonjwa anaweza kupata nafuu kwa sababu nyingi. Huenda amekula vizuri, huenda ametibiwa maradhi mengine aliyokuwa nayo, au huenda amepata matumaini tu. Ndiyo sababu katika jaribio la haki kundi moja hupewa dawa na kundi jingine hupewa kidonge kitupu kinachofanana nayo, na wala mgonjwa wala daktari hajui nani amepewa kipi mpaka mwisho. Katika ripoti zile za kwanza za Kemron kundi la kulinganisha halikuwapo. Baadaye majaribio mengine yakafanywa katika nchi kadhaa za Afrika, mengine yakiratibiwa na Shirika la Afya Duniani. Jirani zetu wa Uganda walishirikisha wagonjwa zaidi ya 500, wengine wakapewa interferoni ya namna hiyo na wengine vidonge vitupu. Matokeo yalikuwa nini? Waliomeza dawa hawakuwa na nafuu kuliko wale wengine. Ngoma ikivuma sana hupasuka.

Mpaka hapa najua wale wa upande wa pili wanapiga makofi. "Si tulisema! Watafiti ni waongo." Polepole, ndugu zangu. Ni nani aliyegundua kwamba dawa ile haifanyi kazi? Si mganga wa kienyeji, si mhubiri, wala si abiria wa matatu. Ni watafiti wengine, kwa kutumia utafiti. Mtu akikwambia hakimu wa kwanza alikosea kwa sababu mahakama ya rufaa imesema hivyo, huwezi kuhitimisha kwamba mahakama zote zifungwe. Unachojifunza ni kwamba rufaa ina kazi yake.

Sasa tuje kwenye mfano wa pili. Katika miaka hiyo hiyo ya tisini, KEMRI hiyo hiyo, ikishirikiana na wenzake wa ng'ambo, ilikuwa na jaribio jingine kule Kilifi ambalo halikupigiwa tarumbeta na mtu yeyote. Lilihusu chandarua. Swali lao lilikuwa hili: chandarua kilichotiwa dawa ya kuua mbu kinaweza kuokoa uhai wa mtoto, ama ni cha kuzuia usumbufu wa mbu usiku tu? Maeneo mengine yalipewa vyandarua na mengine hayakupewa, kisha wakahesabu. Mwaka 1996 walitoa matokeo. Mahali palipokuwa na vyandarua, vifo vya watoto wadogo vilikuwa vimepungua kwa takriban asilimia 33.

Kumbuka, huo bado ni utafiti mmoja. Kama tungeishia hapo, tungekuwa hatujajifunza lolote kutokana na Kemron. Lakini Kilifi haikuwa peke yake. Jaribio la namna hiyo lilifanywa Ghana, likaonyesha vifo vimepungua kwa asilimia 17. Likafanywa Burkina Faso, ikawa asilimia 15. Gambia nao walifanya lao, ikawa asilimia 25. Hata upande wa Siaya hapa nchini lilifanywa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yakaonyesha asilimia 16.

Hapa ndipo abiria wetu wa matatu huruka juu na kusema, "Mnaona? Huku 33, kule 16. Hawajui wanachosema!" La hasha. Kilifi na Siaya si mahali pamoja. Kando ya Ziwa mbu ni wengi mwaka mzima na malaria ilikuwa kali kuliko Pwani, kwa hiyo si ajabu msaada wa chandarua kutofautiana. Jambo la kuangalia si kwamba nambari hazilingani. Ni kwamba zote zinaelekea upande mmoja. Mashahidi watano wakija mahakamani na kusimulia kwa maneno yale yale bila kukosea hata nukta, hakimu huanza kushuku kwamba wamefundishwa. Lakini wakitofautiana kidogo kuhusu saa na rangi ya shati, huku wote wakisema wamemwona mtu yule yule akivunja mlango, basi ushahidi huo una uzito. Wataalamu walipojumlisha majaribio hayo waliona kwamba kwa kila watoto 1,000 wanaolindwa na vyandarua vyenye dawa, watoto kati ya 5 na 6 huokolewa kila mwaka. Kwa nchi nzima hilo ni jambo kubwa.

Kwa hivyo taasisi ni moja na miaka ni ile ile, lakini jambo moja lilivuma likapasuka na jingine linaning'inia juu ya vitanda vyetu hadi leo. Tukisema "samaki mmoja akioza, wote wameoza," tungevitupa vyandarua pamoja na Kemron, na watoto wangekufa. Tukisema "KEMRI ni wakubwa, wakisema wamesema," tungekuwa bado tunameza Kemron. Methali ni tamu, lakini si kila mahali pa kuitia.

Ni kweli pia kwamba shida nyingine haitoki kwa watafiti bali kwetu sisi wasikilizaji. Tunasikia asilimia tukadhani tumeelewa. Chukua hiyo asilimia 33. Tuseme kwa mfano tu kwamba mahali fulani pana watoto 1,000, na kila mwaka hufa 30 kati yao. Vifo vikipungua kwa asilimia 33, badala ya 30 watakufa 20. Mtu akidhani kwamba katika kila watoto 100 wameokolewa 33, amepotea njia. Na yule atakayebeua midomo na kusema "kumbe ni 10 tu", ningemwomba aende akamwambie hivyo mama wa mmoja wa hao 10.

Mkanganyiko huu ndio unaoisumbua chanjo ya malaria. Kati ya mwaka 2009 na 2014 chanjo iitwayo RTS,S ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi 7 za Afrika. Hapa Kenya ilikuwa Kilifi, Kombewa na Siaya. Kwa watoto walioianza wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17 na kupata dozi zote nne, visa vya malaria vilipungua kwa asilimia 36 katika muda wa miaka kama minne. Septemba 2019 chanjo hiyo ikaanza kutolewa kwa watoto nchini, uzinduzi ukiwa Homa Bay. Malawi na Ghana walikuwa wameanza miezi michache kabla.

Basi watu wakaisoma nambari hiyo moja kwa namna mbili, zote za makosa. Wa kwanza wakasema, "Asilimia 36? Hata mtihani ukipata hivyo unaambiwa umeanguka! Chanjo gani hii?" Wa pili wakasema, "Mtoto ameshachanjwa, chandarua cha nini tena? Hebu nikitumie kufugia vifaranga." Wale wa kwanza wanasahau kwamba malaria humrudia mtoto mmoja mara kadhaa, na kupunguza zaidi ya theluthi moja ya safari za hospitali si jambo la kuchekwa. Wale wa pili wameacha mbachao kwa msala upitao. Chanjo haikuletwa kuchukua mahali pa chandarua. Ililetwa kukiongezea nguvu. Katika nchi hizo tatu, matokeo ya utafiti uliofuata yalionyesha kwamba vifo vya watoto waliofikia umri wa kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13. Hayo ndiyo yanayopotea tunapoisoma nambari vibaya.

Hata hivyo, haki iwe kwa wote. Nisipowatetea kidogo wale wanaoshuku nitakuwa mwamba ngoma anayevutia kwake. Kushuku kwao hakukuota kama uyoga. Kule Alabama, Marekani, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, wanaume weusi wapatao 600 waliwekwa katika utafiti wa kaswende. Waliokuwa na ugonjwa walikuwa 399. Hawakuambiwa ukweli, na hata penisilini ilipojulikana kuwa inatibu ugonjwa huo, hawakupewa. Waliachwa ili watafiti waone ugonjwa utawafikisha wapi. Mwaka 1997 Rais Bill Clinton aliomba radhi kwa niaba ya serikali, lakini radhi haifufui mtu. Na Aprili 2020, madaktari wawili wa Ufaransa walizungumza katika televisheni juu ya kuja kufanyia majaribio ya COVID-19 Afrika, maneno yaliyowaudhi watu wengi. Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, aliyakemea vikali. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Pwani nako, watafiti walipoanza kuchukua damu za watoto, kulikuwa na uvumi wa mumiani, yaani wanyonya damu. Wengine hucheka wakisikia hivyo na kusema watu wa mashambani ni wajinga. Mimi sicheki. Mgeni akija na gari kubwa, akachukua damu ya mtoto wako, akaenda zake na asirudi kukuambia alichokiona ndani yake, wewe ungemwitaje? Uvumi huota pale ambapo jibu halikupandwa. Kule Kilifi watafiti wenyewe walilitambua hilo. Wakaanza kushirikiana na wawakilishi waliochaguliwa na wanavijiji, na hata kuzifikia shule ili wanafunzi waone kinachofanyika. Huo ndio mwendo unaofaa.

Basi tufanye nini? Kwanza, watafiti wajue kwamba imani ya raia ni deni lao, si haki yao. Aliyetoa damu yake arudishiwe matokeo, tena kwa lugha anayoielewa, barazani na si katika majarida ya Kizungu peke yake. Na kama matokeo ni madogo, waseme ni madogo. Kutia chumvi leo ni kuipunguzia chanjo ya kesho waaminifu.

Pili, sisi wasikilizaji tujizoeze maswali manne kila tusikiapo "utafiti umeonyesha". Walikuwa watu wangapi? Walilinganishwa na nani? Nani amelipia kazi hiyo? Na je, kuna wengine waliorudia wakaona vivyo hivyo? Wapo watakaosema kwamba mwananchi wa kawaida hana elimu ya kumhoji daktari. Nawakatalia. Mama yeyote akienda sokoni kununua maharagwe huuliza bei kwa wachuuzi watatu, hutia mkono ndani ya gunia aone kama chini yanafanana na yale ya juu, na hutaka kujua gorogoro ni ya nani kabla hajapimiwa. Huo ni ukaguzi kamili! Mbona tuwe werevu sokoni na mabubu mbele ya redio?

Tatu, na hapa nitawaomba walimu wetu radhi mapema, tuanzie katika maabara za shule. Kuna mtindo unaoitwa "kupika matokeo" ambao kila mwanafunzi wa sekondari anaujua. Kikundi kimoja katika somo la Kemia kinasoma bureti na kupata 21.3. Kinachungulia kwa jirani na kuona 24.8. Jirani ni yule mwanafunzi anayeongoza darasani. Basi ifutio inapita, 21.3 inakufa, 24.8 inazaliwa, na alama zinapatikana. Hakuna aliyeuliza huenda pipeti ilikuwa na hitilafu, au huenda ni yule jirani aliyekosea. Mwanafunzi huyo miaka kumi ijayo ndiye mtafiti wetu, na amekwisha kufunzwa kwamba jawabu hutangulia na vipimo hufuata. Naomba walimu wafikirie kutoa japo alama chache kwa anayeandika alichokiona kwa uaminifu na kueleza kwa nini huenda kimetofautiana na cha wengine. Mtihani wa taifa una utaratibu wake, sawa, lakini kabla ya mtihani huo kuna vipindi vingi vya maabara.

Mwisho, wanachama wenzangu, tusidhani kwamba haya ni ya wanafunzi wa sayansi pekee. Matokeo mengi yanayohusu afya zetu huandikwa kwa Kiingereza kigumu, na yakifika kijijini huwa yamepita midomo mitano na kubadilika sura. Nani atayaeleza kwa Kiswahili sanifu na chepesi kama si sisi tunaojidai kuipenda lugha hii? Napendekeza Klabu yetu itenge ubao mmoja nje ya ukumbi, na kila muhula tubandike pale tangazo moja la afya lililofafanuliwa: nani alipimwa, walikuwa wangapi, nambari inamaanisha nini, na ni nini ambacho haimaanishi. Mwalimu wa Baiolojia akague ukweli, mwalimu wa Kiswahili akague lugha. Wazazi wakija siku ya mkutano wasome. Tukianza na chandarua na chanjo, hatutakosa wasomaji.